Bustani Zenye Bodi Yake

Bodi ya Bustani na Burudani ya Minneapolis ni chombo cha umma kinachomiliki, kuendesha na kulinda bustani za jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Jiji hilo lilihesabiwa kuwa na wakazi wapatao 430,000 katika sensa ya mwaka 2020. Chini ya dhamana ya bodi kuna zaidi ya ekari 6,800 za ardhi na maji: maziwa, kingo za Mto Mississippi, viwanja vya michezo, vituo vya burudani, viwanja vya gofu, pamoja na miti yote iliyopandwa kando ya mitaa. Kinachoitofautisha na idara za bustani za miji mingine ni kwamba haiko chini ya meya wala baraza la madiwani. Wajumbe wake huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, ina polisi wake, na ina fungu lake katika kodi ya ardhi na majengo. Miji ya Marekani yenye bodi ya namna hii ni ya kuhesabika.

Mpangilio huo una umri wa zaidi ya miaka 140. Ndio uliolifanya jiji lishike nafasi za juu mwaka baada ya mwaka katika ulinganisho wa bustani za miji ya Marekani unaotolewa na shirika la Trust for Public Land, na ndio pia uliozaa ugawaji usio wa haki ambao bodi yenyewe imelazimika kuurekebisha katika karne hii. Mambo hayo mawili yametoka kwenye chimbuko moja, na kuyaelewa kunahitaji kurudi kwenye siku bodi ilipoundwa.

Kura ya mwaka 1883

Katika muongo wa 1880 Minneapolis ilipanuka kwa kasi ambayo miji michache imewahi kuiona. Nguvu ya Maporomoko ya St. Anthony ilizungusha mashine za kupasua mbao na za kusaga ngano, na watu wakamiminika kutafuta kazi. Wakazi walikuwa chini ya 50,000 mwaka 1880. Miaka kumi baadaye walizidi 160,000. Bei ya ardhi ilipanda mwezi kwa mwezi. Baraza la madiwani lilikuwa limeshaacha nafasi kadhaa za kununua ardhi ya bustani zipite, kwa kuona kuwa barabara, mabomba ya maji na mifereji ya taka ndiyo mambo ya haraka. Kila mwaka uliopita ulimaanisha ardhi ileile ingegharimu zaidi, au isingepatikana kabisa.

Kundi la wafanyabiashara, akiwemo Charles Loring, liliamua kulizunguka baraza. Badala ya kuomba madiwani, walikwenda kwenye bunge la jimbo na kupata sheria iliyounda bodi huru ya makamishna wa bustani, kwa sharti kwamba wapiga kura wa jiji waikubali. Upinzani haukuwa mdogo. Madiwani hawakutaka kupokonywa mamlaka. Chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor nacho kilipinga, kwa hofu kwamba mfanyakazi angelipa kodi ya kupamba mandhari ya matajiri. Hofu hiyo inastahili kukumbukwa, maana historia iliyofuata iliithibitisha kwa kiasi kikubwa. Kura ilipigwa tarehe 3 Aprili 1883: watu 5,327 waliunga mkono, 3,922 wakakataa. Loring akawa rais wa kwanza wa bodi.

Mamlaka yaliyotolewa na sheria hiyo yalikuwa mazito. Bodi iliweza kununua ardhi, kuitwaa kwa lazima baada ya kulipa fidia, kukopa kwa kuuza hati fungani, na kuzitoza mali zilizo jirani na bustani sehemu ya gharama, kwa hoja kwamba thamani yake ingepanda kwa sababu ya bustani hiyo. Hata mipaka ya jiji haikuizuia; baadhi ya ardhi yake mpaka leo iko ndani ya miji jirani.

Mwaka huohuo bodi ilimwita msanifu wa mandhari Horace Cleveland atoe ushauri. Cleveland hakupendekeza bustani moja kubwa katikati ya mji. Alichora mtandao wa barabara pana zenye miti, zinazounganisha maziwa, kijito cha Minnehaha na kingo za mto, ili kila upande wa jiji uguswe. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: ardhi inunuliwe kwanza, ikiwa bado ina bei nafuu, mapambo yatasubiri. Kizazi kinachokuja kinaweza kupanda maua, lakini hakiwezi kurudisha ukingo wa ziwa uliokwisha kujengwa. Bodi ilimsikiliza. Baadhi ya wenye ardhi walitoa bure, akiwemo William S. King aliyetoa ardhi kuzunguka Ziwa Harriet; hisani yao haikuwa bila hesabu, kwa kuwa viwanja walivyobaki navyo vilipanda bei. Matokeo yake ni kwamba karibu mzunguko mzima wa maziwa makubwa ya jiji ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kutembea ukingoni mwa maji bila kukutana na ukuta wa nyumba ya mtu. Mtandao wa Cleveland ukakua na kuwa njia inayolizunguka jiji, yenye urefu wa takriban kilomita 80.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono na mashine. Theodore Wirth, mzaliwa wa Winterthur nchini Uswisi, alikuwa msimamizi mkuu wa bustani kuanzia 1906 hadi 1935. Maziwa mengi wakati huo yalikuwa nusu kinamasi. Wirth alichimba tope, akaimarisha kingo kwa udongo uliotolewa chini ya maji, na mwaka 1911 mfereji ukayaunganisha maziwa mawili makubwa ili mashua ipite kutoka moja hadi jingine. Muhimu zaidi, aliamini kwamba bustani ni ya kutumiwa, si ya kutazamwa. Mabango ya kukataza watu kukanyaga majani yaliondolewa, na viwanja vya michezo vya watoto vikaongezeka. Bodi ilifika hata kwenye mambo yasiyotarajiwa: ndiyo iliyoendeleza uwanja wa ndege wa jiji tangu miaka ya 1920, mpaka bunge la jimbo lilipounda tume ya viwanja vya ndege mwaka 1943.

Makamishna tisa

Leo bodi ina makamishna tisa wanaochaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Sita hutoka katika maeneo sita ya uchaguzi, na watatu huchaguliwa na jiji zima. Mgawanyo huo una maana yake. Kamishna wa eneo anajua bembea iliyovunjika iko mtaa gani, na wapiga kura wake wanajua pa kumpata. Kamishna wa jiji zima anatakiwa kutazama maziwa na mito inayotumiwa na kila mtu, na kupima mahitaji ya mtaa mmoja dhidi ya mwingine.

Tangu 2009 uchaguzi unafanyika kwa kura ya kuorodhesha: mpiga kura huandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Katika eneo lenye kiti kimoja, mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, wa mkiani huondolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata, hadi mshindi apatikane. Kwa viti vitatu vya jiji zima hesabu ni tofauti. Kwa kuwa viti ni vitatu, mgombea anahitaji robo ya kura na moja zaidi ili apite. Kura zinazozidi kiwango hicho hazipotei. Sehemu yake huhamishiwa kwa wagombea ambao wapiga kura hao waliwaweka nafasi ya pili. Kwa njia hiyo kundi ambalo ni robo tu ya wapiga kura, likishikamana, linaweza kupata mtu wake mezani, jambo lisilowezekana pale mwenye kura nyingi anapochukua vyote.

Kazi ya ukamishna si ajira ya kutwa nzima, na malipo yake ni madogo. Makamishna humchagua rais miongoni mwao, hugawana kamati za fedha, mipango, burudani na utunzaji, na hukutana jioni katika vikao vilivyo wazi kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Kila kikao cha kawaida hutenga muda wa mwananchi kusimama na kusema. Hawaajiri watunza bustani wala kupanga zamu za waokoaji. Kazi hiyo ni ya msimamizi mkuu, ambaye huajiriwa na bodi kwa mkataba na ndiye mwenye kuwaongoza wafanyakazi wote. Mstari kati ya kuamua sera na kuiendesha ofisi ukivukwa mara kwa mara, chombo huyumba: makamishna huanza kutoa maagizo kwa wafanyakazi, na msimamizi mkuu hajui tena anawajibika kwa nani.

Uhuru wa bodi una mipaka miwili mikubwa. Wa kwanza ni meya, mwenye haki ya kuzuia uamuzi wa bodi kwa kura ya turufu. Bodi inaweza kuishinda turufu hiyo kwa theluthi mbili, yaani makamishna sita kati ya tisa. Wa pili ni fedha. Bodi hupitisha bajeti yake yenyewe, lakini kiwango cha juu cha kodi ambacho mwenye nyumba anaweza kutozwa huwekwa na Bodi ya Makadirio na Kodi, chombo kidogo chenye wajumbe wawili waliochaguliwa na wananchi na wengine kutoka upande wa meya, baraza la madiwani na Bodi ya Bustani. Huko ndiko bustani hushindana na zimamoto, barabara na polisi. Kiwango cha juu kikishawekwa majira ya vuli, bodi ina uhuru wa kugawa ndani yake, na bajeti kamili hupitishwa kabla ya mwaka kwisha.

Kodi ya ardhi na majengo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya uendeshaji. Viwanja vya gofu, maegesho na vibanda vya chakula huwekwa katika mfuko wa kibiashara unaotakiwa kujitegemea. Maziwa makubwa na kingo za mto, kwa kuwa huvutia watu kutoka wilaya jirani, huhesabiwa kuwa bustani za kanda na hupata ruzuku ya jimbo. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota waliongeza kodi ya mauzo kwa asilimia 0.375 kwa miaka 25, na sehemu yake imewekwa maalumu kwa bustani na njia za kutembea. Wajenzi wa nyumba mpya nao hulipa ada ya kuongeza ardhi ya bustani, kwa sababu kila jengo jipya huleta watu wapya kwenye nyasi zilezile.

Kazi ya kila siku

Mkazi wa kawaida haioni bodi katika vikao. Anaiona pale anapompeleka mwanawe kwenye mojawapo ya vituo karibu 50 vya burudani baada ya shule, anapoazima mpira, anapojiandikisha ligi ya kandanda, au anapokaa kwenye nyasi kando ya Ziwa Harriet kusikiliza bendi bila kiingilio. Wakati wa kiangazi vidimbwi vya kina kifupi vya watoto hujazwa maji katika mitaa mingi, na fukwe za maziwa hupimwa bakteria kila wiki. Kipimo kikizidi kiwango, ufukwe hufungwa hadi maji yasafike. Katika bustani ya Webber, kaskazini mwa jiji, kuna bwawa la kuogelea lililofunguliwa mwaka 2015 ambalo halitumii klorini: maji yake husafishwa na mimea na changarawe. Majira ya baridi, joto linaposhuka chini ya nyuzi sifuri kwa wiki nyingi, wafanyakazi humwaga maji kwenye viwanja ili yagande na watoto wateleze juu ya barafu.

Katika huduma zote, utunzaji wa miti ndio unaoonyesha vizuri zaidi faida ya kuwa na chombo chenye uhai mrefu na bajeti yake. Miti yote iliyo kwenye kipande cha ardhi kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara, mbele ya karibu kila nyumba, ni jukumu la bodi: kuipanda, kuipogoa na kuiondoa inapokufa. Kwa vizazi kadhaa mti uliopendwa ulikuwa elmi, ambao matawi yake hukutana juu ya barabara na kufanya paa. Kisha ukaja ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na mbawakawa wa magome. Mwaka 1977 pekee zaidi ya miti 31,000 ya elmi iliondolewa. Mitaa iliyokuwa na kivuli kwa karibu karne moja ikabaki wazi kwa kiangazi kimoja.

Pengo hilo lilizibwa kwa miti mingi ya ashi, na hapo kosa la kutegemea aina moja likarudiwa. Mwaka 2010 mdudu wa kijani kutoka Asia, ambaye mabuu yake hutafuna tabaka la ndani la gome la ashi mpaka mti ufe, aligunduliwa jijini. Bodi ilichagua kutosubiri. Kuanzia 2014 ilitoza kodi maalumu ya miti kwa miaka minane na kuondoa hatua kwa hatua miti ya ashi ya umma ipatayo 40,000, ikipanda aina mchanganyiko mahali pake. Kuondoa mti ambao bado una majani ni uamuzi mgumu kuutetea mbele ya mwenye nyumba anayeupenda. Ila miti 40,000 ingekufa kwa pamoja, gharama na hatari ya matawi kuanguka vingelemea jiji kwa mkupuo.

Mpango huo ulikuwa na upande wenye maumivu. Mti wa ashi uliomo ndani ya kiwanja cha mtu binafsi ukikutwa na wadudu, sheria humtaka mwenyewe auondoe. Asipofanya hivyo, bodi huajiri mkandarasi na gharama huongezwa kwenye kodi ya nyumba yake. Kwa familia ya kipato kidogo, deni la maelfu ya dola kwa ajili ya mti mmoja lilikuwa pigo, na malalamiko yalitoka zaidi katika mitaa maskini ya kaskazini. Baadaye ruzuku ya serikali kuu ilitumika kupunguza mzigo huo. Ilipaswa kufikiriwa tangu mwanzo. Afya ya msitu wa jiji ni faida ya wote, na si haki gharama yake imwangukie yule ambaye mdudu amemwangukia.

Jiji hili lina uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1990 Minneapolis imepokea Wasomali wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, ambako baadhi walijifunza Kiswahili. Mtaa wa Cedar-Riverside, wenye maghorofa marefu na vyumba vidogo, una bustani ya Currie ambayo kwa familia nyingi ndiyo ua pekee walio nao. Mwaka 2017 eneo linalojumuisha mtaa huo lilimchagua AK Hassan, mwenye asili ya Kisomali, kuwa kamishna. Katika mtaa jirani wa Phillips bwawa la ndani la kuogelea lililokuwa limefungwa kwa ukosefu wa fedha lilifunguliwa upya mwaka 2018, baada ya wakazi na chama cha kiraia kuchangisha pesa na kuishawishi bodi. Katika jiji lenye maziwa mengi kiasi hiki, kumfundisha mtoto kuogelea ni kumwokoa maisha, na watoto wa wahamiaji ndio waliokuwa mbali zaidi na mafunzo hayo.

Kushauriana na kuamua

Bustani inapotakiwa kubadilishwa sana, bodi huandaa mpango mkuu. Kamati ya ushauri ya wananchi huundwa, mikutano hufanyika mitaani, michoro huwekwa hadharani, kisha makamishna hupiga kura. Mchakato huu huchukua miaka, na si mara zote unaishia kwa makubaliano.

Mfano mzito ni uwanja wa gofu wa Hiawatha, kusini mwa jiji. Uwanja ulijengwa kwenye ardhi ya kinamasi iliyokaushwa kando ya ziwa. Mwaka 2014 mvua kubwa iliufurisha, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba pampu zilikuwa zikitoa maji ya ardhini kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa kile kilichoruhusiwa na kibali cha jimbo. Kuacha kila kitu kama kilivyo hakukuwezekana tena. Wataalamu wa maji walitaka ardhi iachwe inywe mafuriko. Wachezaji wa gofu Weusi wakasimama kupinga, kwa sababu nzito: Hiawatha ulikuwa mahali walipojenga jumuiya yao katika miaka ambayo chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na kanuni ya kuwazuia wasio wazungu, kanuni iliyodumu hadi 1961. Solomon Hughes, mchezaji na mwalimu mashuhuri, aliishi na kufundisha jijini humo chini ya ubaguzi huo.

Kila upande ulikuwa na haki, na hakuna kamati ya ushauri ambayo ingeweza kuifuta mojawapo. Baada ya miaka ya mivutano, mwaka 2022 bodi ilipitisha mpango wa kupunguza mashimo kutoka 18 hadi tisa na kuipa ardhi iliyobaki nafasi ya kubeba maji, huku jengo la uwanja likipewa jina la Hughes. Wengi hawakuridhika. Lakini hapa umuhimu wa kuwa na makamishna waliochaguliwa unaonekana: uamuzi ulikuwa na majina ya watu waliopiga kura, na majina hayo yatarudi kwa wananchi kuomba kura.

Kuna mambo ambayo bodi haiwezi kuyamaliza peke yake. Ziwa kubwa kuliko yote jijini liliitwa kwa muda mrefu kwa jina la John C. Calhoun, mwanasiasa wa karne ya 19 aliyetetea utumwa. Mwaka 2017 makamishna walitaka jina la Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, yaani Bde Maka Ska, lirejeshwe. Kisheria jina la ziwa si la bodi. Liko mikononi mwa wilaya, jimbo na serikali kuu. Jimbo lilikubali Januari 2018, wapinzani wakaenda mahakamani, na ni Mei 2020 tu ndipo Mahakama ya Juu ya Minnesota ilipoamua kwamba mamlaka ya jimbo yalikuwa halali. Mabango ya bustani na majina ya barabara zake, kwa upande mwingine, yalikuwa ya bodi, nayo iliyabadilisha.

Kiangazi cha 2020, baada ya George Floyd, mwanamume Mweusi, kuuawa na polisi wa jiji, watu wasio na makazi walikimbilia bustani. Bodi iliamua kutowafukuza, na mamia ya mahema yakajaa katika bustani ya Powderhorn. Nia ilikuwa njema, ila bodi haikuwa na wauguzi, wafanyakazi wa ustawi wa jamii wala nyumba za kuwapa. Ghasia na mashambulizi yaliripotiwa, na baada ya wiki chache bodi iliweka kikomo cha mahema kwa kila bustani na vibali. Chombo cha bustani kilikuwa kimebebeshwa mzigo wa sera ya makazi. Mvutano mwingine ulitoka ndani ya bodi yenyewe: miaka minne baadaye, Julai 2024, wafanyakazi wake waligoma kwa takriban wiki tatu wakidai mishahara na masharti bora, mgomo wa kwanza katika historia ya bodi.

Nani alipata bustani ipi

Swali la Knights of Labor la mwaka 1883 halikupata jibu haraka. Kwa miongo mingi uboreshaji wa bustani za mitaa uligharamiwa kwa kuzitoza mali zilizo karibu. Mtaa wenye wamiliki wenye uwezo ulikubali tozo na kupata njia, taa na viwanja. Mtaa wa wapangaji na wafanyakazi, ambao wamiliki wake walikataa au hawakuweza, ulibaki na kiwanja kitupu. Utaratibu ulionekana wa haki kwa kuwa kila mtu alilipia chake, na papo hapo ulihakikisha kwamba mwenye nacho anaongezewa.

Ubaguzi wa rangi uliongeza ukuta wa pili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hati nyingi za viwanja zilikuwa na masharti yaliyokataza nyumba kuuzwa au kupangishwa kwa watu Weusi na wengine wasio wazungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika mradi wa Mapping Prejudice, wamezitafuta hati hizo moja moja na kuonyesha kwamba nyingi zilijazana karibu na bustani na maji. Wauzaji wa ardhi walitangaza uzuri wa bustani ya umma huku wakimfungia nje sehemu ya umma. Jimbo lilipiga marufuku masharti mapya mwaka 1953, lakini ramani ya nani anaishi karibu na ziwa ilikuwa imeshachorwa.

Kufikia muongo wa 2010 vifaa vya bustani nyingi za mitaa vilikuwa vimechakaa, na pengo kati ya kusini magharibi yenye maziwa na kaskazini yenye viwanda lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Mwaka 2016 bodi na baraza la madiwani walipitisha kwa pamoja makubaliano ya miaka 20 ya kuongeza angalau dola milioni 11 kila mwaka kwa ajili ya bustani za mitaa. Kiasi hicho kina uzito, lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa kwenye utaratibu wa kugawa. Kila bustani hupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa: umaskini na mgawanyiko wa rangi katika mtaa, msongamano wa watu, idadi ya watoto na vijana, usalama, hali ya vifaa, umri wake, na kiasi kilichowahi kuwekezwa hapo nyuma. Yenye alama za juu hutangulia katika ratiba ya ujenzi, na orodha huchapishwa pamoja na bajeti.

Kwa utaratibu huo kamishna mwenye ushawishi hawezi kuivuta bustani ya eneo lake mbele ya nyingine bila orodha kuonyesha. Mtaa ambao hauna wanasheria wa kuandika barua wala watu wenye muda wa kuhudhuria vikao vya jioni una nafasi yake kwenye foleni, kwa sababu hesabu imefanywa kabla ya kelele. Vigezo vyenyewe hubishaniwa, na ni vyema vibishaniwe: uzito wa usalama dhidi ya uzito wa uchakavu unaweza kubadilisha ni watoto wa wapi watakaocheza kwenye kiwanja kipya mwaka ujao. Makubaliano hayo yanamalizika mwaka 2036. Kabla ya hapo makamishna na madiwani wa wakati huo watalazimika kuamua kama fedha za ziada zitaendelea, na kama sehemu yake inayokwenda kwenye ukarabati wa kawaida itatosha kuvitunza viwanja vilivyojengwa, visije vikachakaa vyote kwa pamoja kama vile vya zamani.